Daktari Bingwa wa Moyo Anayetibu kwa Katheta Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mgonjwa aliyekabidhiwa barua ya rufaa na kuambiwa aende Kampala "akapimwe mishipa ya moyo", pamoja na ndugu watakaomsindikiza, kumlipia na kumuuguza. Msimamo wake ni mmoja: mtu atakayepitishiwa waya hadi moyoni anastahili kujua anayeushika waya huo alifundishwa wapi, huifanya kazi hiyo mara ngapi, na kwa nini anaona inahitajika. Kuuliza hayo si kumvunjia daktari heshima.

Daktari huyu ni nani hasa, na anatofautianaje na madaktari wengine wa moyo?

Ni tabibu aliyebobea kwanza katika magonjwa ya ndani ya watu wazima au katika magonjwa ya watoto, kisha katika magonjwa ya moyo, na hatimaye katika kutibu moyo kwa kupitisha mrija mwembamba, yaani katheta, kwenye mshipa wa damu wa mkono au wa kinena, huku akiongozwa na picha za eksirei zinazoonekana papo hapo kwenye skrini. Hafungui kifua. Anayefungua kifua ni daktari bingwa wa upasuaji wa moyo, na hawa wawili hutegemeana, kwa kuwa kuna wagonjwa ambao kwao upasuaji ni bora kuliko katheta, na kuna siku ambapo tatizo linalotokea kwenye chumba cha katheta humhitaji mpasuaji mara moja. Yupo pia daktari anayeshughulikia hasa hitilafu za umeme wa moyo, ingawa katika nchi yenye mabingwa wachache kama yetu si ajabu kumkuta mtu mmoja akiweka stenti, yaani wavu mdogo wa kuuacha mshipa wazi, asubuhi na betri ya kuongoza mapigo ya moyo alasiri.

Masomo yake huchukua miaka mingapi?

Kwa aliyesomea Uganda, shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka 5, iwe Makerere, ambako udaktari ulianza kufundishwa mwaka 1924, iwe Mbarara, Gulu au chuo kingine. Hufuata mwaka 1 wa mazoezi ya kazi hospitalini chini ya usimamizi, kisha kwa kawaida miaka kadhaa ya kutibu kama daktari wa kawaida, mara nyingi katika hospitali ya wilaya. Shahada ya uzamili ya magonjwa ya ndani huchukua miaka 3. Baada ya hapo ndipo huanza mafunzo ya ubingwa wa moyo, na juu yake tena mafunzo ya katheta yenyewe, ambayo kwa kawaida huongeza mwaka 1 au 2. Ukijumlisha yote utaona kwamba mtu huyu hufika kwenye meza ya katheta akiwa na zaidi ya miaka kumi ya masomo na mazoezi tangu alipoingia chuoni. Kwa hiyo, mtu anayejiita bingwa wa katheta akiwa ametoka chuoni miaka michache iliyopita, ni halali kabisa kumuuliza hesabu hiyo imetimiaje.

Kwa nini mabingwa wetu wengi wana vyeti vya nchi za nje?

Kwa sababu ufundi huu haujifunzwi vitabuni, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtambo wa kujifunzia hapa nyumbani. Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa mwaka 1988 ndani ya eneo la Hospitali ya Mulago, upasuaji wa kufungua moyo ukaanza kufanywa hapo mwaka 2007, na maabara yake ya katheta ikafunguliwa mwaka 2012. Sheria ya Bunge ya mwaka 2016 ndiyo iliyoifanya taasisi inayojitegemea. Kabla ya maabara hiyo, aliyetaka kujifunza kazi hii hakuwa na budi kusafiri, na hata sasa wengi huendelea kwenda nje kwa muda ili kushika kesi nyingi zaidi kuliko wanazozipata hapa. Katika Afrika Mashariki, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015, nayo imekuwa kituo kikubwa cha tiba hii, na ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki Tanzania ndiyo iliyopewa jukumu la kituo cha umahiri cha magonjwa ya moyo, kama Uganda ilivyopewa la saratani.

Inafaa pia kukumbuka kwamba fani yenyewe ni changa. Mwaka 1929 daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mrija kutoka kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni ili kuthibitisha kwamba inawezekana. Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig alipanua kwa puto mshipa wa moyo wa mgonjwa aliyekuwa macho, na stenti za kwanza zikawekwa mwaka 1986 nchini Ufaransa na Uswisi. Mambo mengi yanayofanywa leo hayakuwapo wakati madaktari wenye mvi walipokuwa shuleni. Ndiyo maana tarehe ya cheti haitoshi kumweleza daktari; muulize pia amejifunza nini tangu alipokipata.

Nitahakikishaje kwamba ana leseni?

Kila daktari nchini sharti asajiliwe na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, na leseni ya kutibu huhuishwa kila mwaka. Usajili na leseni ni vitu viwili: mtu anaweza kuwa kwenye daftari la madaktari na bado leseni yake ya mwaka huu ikawa imekwisha. Uliza kwenye Baraza kwa jina lake kamili, na uulize pia kama ubingwa wake umesajiliwa, kwa sababu leseni ya udaktari wa jumla haimfanyi mtu kuwa bingwa wa moyo. Kliniki au hospitali anayofanyia kazi nayo inatakiwa kuwa na leseni yake, ambayo kwa kawaida hubandikwa ukutani mahali pa kupokelea wagonjwa.

Anaitwa Profesa. Je, ni bora kuliko anayeitwa Daktari tu?

Si lazima. Uprofesa ni cheo cha chuo kikuu kinachotokana na kufundisha na utafiti. Katika utumishi wa umma kuna ngazi nyingine, ambamo daktari bingwa hupanda hadi mshauri na kisha mshauri mwandamizi. Vyeo hivyo vina heshima yake, lakini havikuambii mtu huyo huweka stenti ngapi kwa mwaka.

Basi nimuulize amefanya kazi hii mara ngapi?

Ndiyo, na hili ndilo swali ambalo wagonjwa wetu huliogopa kuliko yote, wakidhani daktari atachukia. Daktari anayeijua kazi yake hujibu bila kusita. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2013 ilipendekeza kwamba anayezibua mishipa ya moyo afanye walau kesi 50 kwa mwaka, na kituo chake kifanye walau 200, kwa sababu mikono isiyotumika husahau na timu isiyozoeana hukosea. Uganda ni nchi yenye maabara chache, wagonjwa wengi wasioweza kulipa na vifaa vinavyoagizwa kutoka nje, kwa hiyo si haki kumhukumu daktari kwa namba hiyo peke yake. Kilicho haki ni kutaka kujua anakaribia wapi, na anafidiaje upungufu, kwa mfano kwa kufanya kazi pamoja na mwenzake mwenye uzoefu zaidi au kwenda mara kwa mara kwenye kituo chenye kesi nyingi.

Maneno haya yanatosha: "Daktari, samahani, naomba unieleze. Tatizo kama langu umelitibu mara ngapi, na waliotibiwa walitokaje?" Uliza pia ni nani hasa atakayeshika katheta siku hiyo, kwani katika taasisi zinazofundisha kuna madaktari wanaojifunza, na ni jambo jema wajifunze, ila mgonjwa aambiwe mapema ni nani anayewasimamia.

Hutibu magonjwa gani?

Wengi humfahamu kwa stenti, yaani ule wavu mdogo wa chuma unaoachwa ndani ya mshipa ulioziba ili usijifunge tena. Kazi hiyo inaongezeka Uganda kadiri shinikizo la damu, kisukari na uvutaji wa sigara vinavyozidi kuwapata watu wa makamo. Hata hivyo, anayeishi hapa na kuwaona wagonjwa wetu anajua kwamba moyo wa Mganda huumia kwa njia nyingine pia, na baadhi ya njia hizo humpata mtu akiwa bado kijana.

Ugonjwa wa valvu, yaani milango ya moyo inayopitisha damu, unaotokana na homa ya rumatiki ndio mfano mkubwa. Mtoto huugua koo, hapati uangalizi, mwili wake katika kupambana na vijidudu unashambulia valvu za moyo, na miaka mingi baadaye valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba vya kushoto vya moyo, inakuwa imekakamaa na kubana. Mara nyingi mwanamke huligundua tatizo hilo akiwa mjamzito, kwa sababu mimba huongeza damu mwilini na valvu iliyobana haiwezi kuipitisha, hivyo anaanza kuhema usiku na watu wa nyumbani wanadhani ni uchovu wa mimba tu. Kwa wagonjwa ambao valvu yao haijaharibika sana wala haivuji sana, bingwa wa katheta anaweza kupitisha puto kutoka kwenye kinena, kulivuka pazia linalotenganisha vyumba vya juu vya moyo, na kuipanua valvu bila kufungua kifua. Njia hiyo ilianzishwa na Kanji Inoue wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ikifanywa kwa mgonjwa anayefaa, humrudishia pumzi siku hiyohiyo.

Naamini pia kwamba bingwa mzuri wa eneo hili hutamani kazi hiyo ipungue. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda, ambamo wataalamu wa Taasisi ya Moyo akiwemo Emmy Okello walishiriki, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, uliwafuata kwa miaka 2 watoto zaidi ya 800 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa huo wa valvu zilizoonekana kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Kati ya waliodungwa penisilini kila baada ya wiki 4, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 yao tu; kati ya wasiodungwa, kwa asilimia 8.2. Sindano ya bei nafuu iliwakinga watoto na ugonjwa ambao baadaye hutibiwa kwa mitambo ya gharama kubwa, na daktari anayekuwekea puto bila kukuuliza habari za watoto wako nyumbani amefanya nusu ya kazi.

Wapo pia watoto waliozaliwa na tundu moyoni au na mshipa uliopaswa kujifunga baada ya kuzaliwa lakini ukabaki wazi. Baadhi ya kasoro hizo huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa na katheta, na kazi hiyo ni ya bingwa wa moyo wa watoto aliyefunzwa mbinu hizi.

Na upo ugonjwa unaofungamana na historia ya Mulago yenyewe, ule wa kukakamaa kwa utando wa ndani wa moyo, ambao daktari J. N. P. Davies aliueleza akiwa Kampala katika miaka ya 1940. Hauponi kwa stenti wala puto. Nautaja ili ifahamike kwamba bingwa wa moyo hapa hawezi kutegemea tu yale aliyoyaona katika hospitali za ng'ambo alikosomea.

Je, kila mshipa uliobana lazima uwekewe stenti?

Hapana. Mgonjwa aliye katikati ya shambulio la moyo huokolewa na kuzibuliwa mapema. Hilo halina ubishi. Lakini kwa mtu ambaye maumivu yake ya kifua humjia kwa mazoea anapopanda mlima na kuisha akipumzika, tafiti kubwa, ukiwemo ule uitwao ISCHEMIA ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019, zimeonyesha kwamba kuanza na stenti au upasuaji hakukupunguza vifo ikilinganishwa na kuanza na dawa nzuri, ingawa kulipunguza maumivu. Daktari anayekuambia "una mshipa umebana, lazima tuweke stenti leo" wakati huna dharura, mwombe aeleze stenti hiyo itakuondolea maumivu au itarefusha maisha yako. Hayo ni mambo mawili, na gharama ni yako. Ukitaka maoni ya daktari wa pili, omba nakala ya picha zako uende nazo.

Naweza kwenda kumwona bila rufaa?

Katika kliniki binafsi mara nyingi inawezekana. Katika taasisi ya umma barua ya rufaa hurahisisha mambo, kwa sababu inaeleza ulipimwa nini na ulipewa dawa gani. Nenda na majibu ya kipimo cha umeme wa moyo, eko na damu, pamoja na dawa zote unazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, za mitishamba zikiwemo. Usizifiche hizo za mitishamba kwa haya. Baadhi huathiri figo au kuganda kwa damu.

Niko Gulu au Arua, na mtu ameshikwa na maumivu makali ya kifua. Tukimbilie Kampala?

Msianze na Kampala. Anzeni na hospitali iliyo karibu inayoweza kupima umeme wa moyo. Gulu ni takriban kilomita 330 kutoka Kampala, na Arua ni mbali zaidi. Miongozo ya kimataifa inasema kwamba ikiwa mshipa hauwezi kuzibuliwa kwa katheta ndani ya dakika 120 tangu shambulio lithibitishwe, mgonjwa apewe hapohapo dawa ya kuyeyusha bonge la damu, kama tenekteplesi au streptokinesi, mradi hana sababu ya kumzuia kama kiharusi cha kuvuja damu, na maumivu yalianza ndani ya saa 12. Kisha ndipo asafirishwe, akiwa na mhudumu wa afya. Wakati mnatafuta gari, mgonjwa asiye na mzio wa aspirini wala vidonda vya tumbo vinavyovuja damu atafune miligramu 300 za aspirini. Asitembee hadi barabarani, na kama gari linapatikana asipakiwe kwenye boda boda.

Muulizeni bingwa wenu, siku ya kawaida ya kliniki, ni hospitali gani ya mkoani kwenu yenye dawa hiyo na ni namba gani ya simu ambayo daktari wa huko anaweza kumpigia usiku. Bingwa aliyeujenga mtandao huo na wenzake wa mikoani ana thamani kubwa kuliko yule anayesubiri wagonjwa wamfikie mjini.

Siku ya kipimo inakuwaje?

Hutakula kwa saa utakazoelekezwa, kwa kawaida zipatazo 6. Utabaki macho; sehemu inapoingizwa katheta ndiyo hutiwa ganzi. Siku hizi wengi hutumia mshipa wa kifundo cha mkono kwa sababu damu huvuja kidogo kuliko kwenye kinena na mgonjwa huketi mapema. Dawa ya kuonyesha mishipa ikipita utahisi joto mwilini. Mjulishe daktari mapema kama una ugonjwa wa figo, mzio, ujauzito, au unatumia metformini ya kisukari.

Hatari zake ni zipi?

Katika kipimo cha kawaida cha mishipa, matatizo makubwa kama kiharusi, shambulio la moyo au kifo huwapata wagonjwa chini ya asilimia 1. Katika kuweka stenti hatari huongezeka, na kwa mgonjwa aliyefika akiwa mahututi huwa kubwa zaidi. Kuvuja damu pahali palipotobolewa na kuumia kwa figo hutokea pia. Omba kuelezwa hatari ya kwako wewe, kwa umri wako na hali yako, kabla ya kutia sahihi.

Kwa nini daktari huyohuyo yuko hospitali ya serikali na kwenye kliniki binafsi?

Ni jambo la kawaida Uganda na si kosa. La kuangalia ni uwazi. Hata katika taasisi ya umma mgonjwa huweza kutakiwa kulipia sehemu ya gharama, hasa vifaa, na kwa kuwa nchi bado haina bima ya afya ya taifa inayofanya kazi, familia nyingi huuza ardhi au ng'ombe. Taka makadirio ya maandishi yanayotenganisha stenti, puto, dawa, kitanda na malipo ya daktari, yakieleza pia itakuwaje ikihitajika stenti ya pili. Lipa kwa keshia wa hospitali na upewe risiti. Usimpe mtu fedha mkononi, awe nani.

Nazungumza Kiswahili, sijui Kiingereza wala Kiganda vizuri. Nitaelewana naye?

Mabingwa wengi wa Kampala wamewahudumia askari, wafanyabiashara wa Busia, Wanubi wa Bombo na wagonjwa waliovuka kutoka Kongo, kwa hiyo Kiswahili si kigeni masikioni mwao, ingawa wengine hukijua kwa kiasi tu. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 inakitaja kuwa lugha ya pili rasmi. Fomu ya ridhaa ielezwe kwa lugha unayoielewa, na ikibidi mkalimani atafutwe miongoni mwa wauguzi. Mtoto wako asibebeshwe kazi ya kukutafsiria habari ya hatari ya kifo.

Nikishawekewa stenti, nitaendelea kumwona kwa muda gani?

Baada ya shambulio la moyo, dawa mbili za kuzuia damu isigande, kwa kawaida aspirini na klopidogreli, hutumika kwa miezi 12. Kwa stenti isiyo ya dharura mara nyingi ni miezi 6, kisha aspirini huendelea. Kuziacha ghafla kunaweza kuiziba stenti yenyewe, na hapo hatari ni kubwa mno. Kabla ya kurudi wilayani hakikisha duka la dawa la kwenu linaziuza, au nunua za miezi kadhaa. Daktari wa meno au mpasuaji akikuambia uziache, ampigie kwanza bingwa wako.

Akihama au akienda nje ya nchi?

Omba, siku ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, ripoti ya maandishi ya kazi iliyofanyika, nakala ya picha kwenye diski na kadi inayoonyesha aina ya stenti, ukubwa wake, mahali ilipowekwa na tarehe. Kwa karatasi hizo bingwa mwingine yeyote, awe Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, anaweza kuendelea na matibabu bila kuanza upya. Kadi iweke pamoja na kitambulisho chako cha taifa, na nakala abaki nayo mtu mmoja wa nyumbani.